Mwaka wa Mgao na Mguu wa Mzee Makokha

Nafula alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa kibarazani kwangu Tanga napepeta mchele. "Dada Rehema, Mzee ametuacha," akasema. Kabla sijapata neno la kumpa pole akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia mpaka machozi yakakauka, "Na wewe unajua ni mimi nilianza kumuua. Ile pasi yangu." Ungo ukabaki umesimama mikononi mwangu. Miaka ishirini na kitu imepita. Yule msichana wa sekondari sasa ni mama wa watoto watatu, na kumbe muda wote huo amekuwa akilala na kuamka na pasi ile. Nilimwambia aache maneno hayo, baba yake alikuwa mtu mzima na amekwenda kwa siku zake. Nikakata simu nikajiona mnafiki wa kutupwa, kwa sababu mimi nilijua tangu mwaka uleule kwamba mguu wa Mzee Makokha haukuliwa na pasi peke yake. Nilijua, nikanyamaza, nikafunga mizigo nikarudi kwetu. Alhamisi nilisafiri kwenda Nairobi. Nilikwenda kumzika Mzee, lakini zaidi nilikwenda kusema, na njia nzima nilikuwa naomba nisibadili nia.

Watu wa kwetu wakisikia niliwahi kuishi nje ya nchi hunikalia kitako waniulize habari za theluji. Nje ya nchi yenyewe ilikuwa Kaloleni, mtaa wa Nairobi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepata kazi ya kushona katika kiwanda kimoja cha nguo kule Baba Dogo, na chumba nilichopangishwa kilikuwa cha nyuma katika nyumba ya Mzee Makokha, karani mstaafu wa reli aliyekuwa akishona barazani kwa cherehani ya kukanyaga. Nyumba zenyewe ni zile za mawe zilizojengwa zamani za wakoloni kwa ajili ya watumishi, vigae vyekundu juu, vyumba vidogo, kuta nene, na sakafu ya saruji yenye baridi ambayo nilikuwa sijaionja maishani. Mimi nilikulia kwenye joto ambalo samaki wa asubuhi huoza kabla ya adhuhuri. Kaloleni nililala na sweta mbili na soksi, na Mama Nafula, mke wa Mzee, alinicheka kila nilipotoka chumbani nimejikunyata. "Wewe Mtanzania, hii bado si baridi. Ngoja Julai." Mzee yeye alinipendea shikamoo. Vijana wa mtaa walimpungia mkono tu wakapita, lakini mimi nilisimama nikamwamkia kila siku, naye alisimamisha cherehani, akavua miwani, akaitikia "Marahaaaba" ndefu hata majirani wakachungulia. Baada ya mwezi mmoja wazee wa nyumba za jirani nao wakaanza kujipitishapitisha pale nilipoanika nguo, wapate yao.

Nilipofika tu, mgao wa umeme ukaanza. Mvua zilikuwa zimegoma, mabwawa yamekauka, na ratiba ikatoka gazetini: mtaa huu siku hizi, mtaa ule siku zile, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mzee aliikata kwa mkasi wake wa kazi akaibandika ukutani juu ya meza ya chakula. Kaloleni tulikatiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Baba Dogo walikatiwa Jumanne na Alhamisi, na siku hizo kiwanda kilifunga mlango, maana mashine zetu zote zilikuwa za umeme. Kwa hiyo mimi nilikatiwa wiki nzima: nikiwa na umeme kazini, nyumbani hakuna, nikiwa nao nyumbani, kazi hakuna. "Ni wewe ulileta hii maneno na hiyo sanduku yako," Nafula alinitania. Alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mdomo haufungi, na kila jioni alinipokea na salamu ya vijana wa huko, "Niaje, msee wa Tanga," ili tu aone nitajibu nini. Nilimjibu "Salama" kwa ukali wa mwalimu mkuu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Maisha yakajipanga upya kuifuata karatasi ile. Jioni ya siku yenye stima, ndivyo wanavyouita umeme huko, nyumba nzima ilikuwa mbio: nguo za wateja zipigwe pasi zote, maji yachemshwe yajazwe kwenye thamosi, maziwa yaliyobaki kwenye friji yanywewe kabla hayajachacha. Siku zisizokuwa na stima tulirudi kwenye jiko la makaa na pasi ya makaa, ile nzito yenye kifuniko na matundu ubavuni. Pale bombani wanawake walisimuliana mgao kama wanavyosimuliana habari za mawifi. "Jana walituibia dakika ishirini, nilikuwa naangalia saa." "Na kule Kariobangi wanarudishiwa mapema, hao wana mtu wao." Mama Nafula aliwasikiliza, akajaza ndoo yake, akarudi kupika. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alisonga ugali wa kukatwa kwa mwiko, akauweka katikati na mrenda uliochanganywa na kunde, akatuangalia mmoja mmoja mpaka tumemaliza. Mimi mrenda ulinishinda wiki mbili za mwanzo, ulikuwa unanitoroka vidoleni, na Mzee alipoona hivyo aliukata ugali wake taratibu akanionyesha namna ya kuuviringa.

Siku za Jumanne na Alhamisi nilikaa naye barazani. Mgao uliowafungia wengine mlango ulimfungulia yeye, kwa sababu mafundi wenye mashine za umeme walimletea kazi zao zilizokwama, hasa sare za shule, na cherehani yake haikuhitaji kitu ila mguu. Nilijiona fundi, lakini mbele ya mashine ile nilikuwa mtoto. Nilikanyaga kwa pupa, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. "Usiikimbize, Rehema," aliniambia. "Kanyaga kisigino, halafu vidole. Kisigino, vidole. Sikiliza." Mguu wake wa kulia ndio uliofanya kazi, ndani ya sandali ya ngozi iliyokwisha soli, na wa kushoto ulipumzika pembeni. Nilijifunza kwa kuutazama mguu ule. Mpaka leo nikifunga macho naukumbuka kuliko uso wake, na ndiyo sababu nimekuwa siwezi kuwaambia wanafunzi wangu wa ushonaji ni nani aliyenifundisha.

Mzee alikuwa na sukari, ndivyo wanavyouita ugonjwa wa kisukari huko. Mama Nafula alimdunga sindano ya insulini asubuhi na jioni, kwa mkono mwepesi, huku wakizungumza mambo mengine kabisa. Chupa ya dawa ilikaa kwenye friji siku za stima. Siku za mgao aliihamishia chini ya kitanda, ndani ya chungu kidogo kilichotiwa mchanga uliolowanishwa maji, akakifunika kwa kitambaa kibichi. "Hii chungu ilitoka kwa mama yangu Bungoma," aliniambia. "Haijawahi kuniangusha." Mimi sikukiamini hata kidogo. Chungu cha mchanga, dawa ya hospitali! Katikati ya Julai tulitangaziwa kwamba Kaloleni itakatiwa siku tatu mfululizo, usiku na mchana, na wiki hiyohiyo Mzee akarudi kliniki na chupa mpya ya kumtosha mwezi. Ndani ya kisanduku mlikuwa na karatasi ya Kiingereza. Nikasoma mstari wa kwanza, kwamba dawa ihifadhiwe mahali pa baridi, nikaona nimeelewa yote.

"Mama, hii itaharibika. Siku tatu bila friji!"

"Hapa ni baridi, msichana wangu. Wewe mwenyewe unatetemeka."

Kweli nilikuwa natetemeka. Nimevaa sweta mbili, nimejifunga khanga kichwani, mikono imekufa ganzi, na bado nilikuwa naogopa joto la Tanga lisije likaharibu dawa Nairobi. Nilibishana naye mpaka akachoka. Mzee aliyekuwa akisikiliza akasema, "Wacha apeleke. Amesoma hiyo karatasi," na kwa heshima yake Mama Nafula akanipa ile chupa mpya, iliyokuwa haijafunguliwa. Ya zamani, iliyobakiwa na dozi za siku mbili tatu, akaiweka kwenye chungu chake.

Njia yangu ya Baba Dogo ilipita Kariobangi, na huko nilikuwa na rafiki, Mama Mutheu, Mkamba mwenye duka la maziwa na samaki. Friza yake ilikuwa kubwa, na hata umeme ukikatika barafu yake ilishikilia. Nilimkabidhi kisanduku nikamwambia akiweke chini kabisa, katikati ya barafu, kisipate joto hata chembe. "Hii ni dawa ama ni samaki?" akaniuliza. Nikamwambia ni dawa ya mzee wangu, na aichunge vizuri. Siku ya tatu jioni nikaipitia. Ilikuwa ngumu kama jiwe, na niliposikia baridi yake kwenye kiganja nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kweli. Niliifunga kwa gazeti na mtandio wangu, nikatembea nayo kwa miguu mpaka Kaloleni, zaidi ya saa nzima. Nilimkuta Mama Nafula jikoni. Aliifungua, akaishika, akaigeuza, akanitazama. "Asante, mtoto wangu," akasema. "Umetembea na hiyo baridi yote. Keti ukule." Nilikula, nikalala nikijiona nimeokoa maisha ya mtu.

Wiki iliyofuata Mzee akaanza kunywa maji. Jagi asubuhi, jagi mchana, na safari za chooni zisizokwisha. Tulisema ni vumbi la nguo, tukasema ni chumvi ya omena, dagaa wa huko. Shati lake likaanza kumpwaya shingoni. Mwanzoni mwa Agosti, Jumatano moja isiyokuwa na stima, nami sikwenda kazini kwa kuwa kiwanda kiliishiwa kitambaa, baraza lilijaa sare za shule za kumalizia na Nafula akapewa kazi ya kupiga pasi. Alijaza makaa, akatoka uani kuitikisa pasi huku na huku ipate moto, akarudi nayo kwa haraka, maana mteja alikuwa anasubiri. Hakuikung'uta kwanza kumwaga cheche kama alivyoelekezwa. Alipopita karibu na cherehani kaa dogo likadondoka kupitia tundu la ubavuni, likaingia kati ya sandali na mguu wa baba yake. Mzee aliendelea kukanyaga. Kisigino, vidole. Kisha akanusa, akainua kichwa akauliza, "Nani anachoma nyama saa hii?" Mimi ndiye niliyeinama nikaona. Hakuwa amesikia maumivu, sukari ilikuwa imekwisha kuutia mguu ganzi. Nafula alipiga yowe, akaangusha pasi, na mpaka leo alama yake iko kwenye saruji ya baraza ile.

Kidonda kilikuwa kidogo, hakikuzidi ukucha wa dole gumba. Mama Nafula alikiosha kwa maji ya chumvi kila siku, na kila siku kilikuwa kikubwa kuliko jana. Wiki mbili baadaye mguu ulikuwa umegeuka rangi na Mzee anaweweseka mchana kweupe. Tulimkimbiza hospitali, mimi na Mama Nafula. Sista aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole. Alisema sukari imepanda kiasi ambacho hakijaeleweka kwa mtu anayedungwa kila siku, akaichukua chupa ya dawa kwenye mkoba wetu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeupe vinaelea. "Hii dawa imewahi kuganda?" akauliza.

"Hapana," Mama Nafula akajibu. "Iko kwa chungu siku zote."

Mzee alikuwa amelala hapo kwenye kitanda cha magurudumu, macho wazi. Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka, na nitakuwa mwongo nikisema ilizuiliwa na kitu kingine zaidi ya woga. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kushtakiwa ugenini, niliogopa uso wa Mzee. Sista akaandika tulichomwambia, akatuambia wataibadilisha dawa. Niliporudi nyumbani mchana ule nikaitafuta ile karatasi kwenye kisanduku. Mstari wa pili ulisema isigandishwe, na ikiganda itupwe, maana nguvu yake imekwisha. Nimeukumbuka mstari ule kila nilipofungua friji yangu mwenyewe. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilidhani nimemfanya mwanamke mkweli aseme uongo bila kujua.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari aliyetueleza alisema yote yalianzia kwenye kuungua, na Nafula alikuwa amesimama nyuma yetu na sare yake ya shule, akasikia. Tangu siku hiyo hakuigusa tena pasi, ya makaa wala ya umeme. Alikwenda shule na nguo zilizokunjamana, akaadhibiwa, akaenda tena zimekunjamana. Zile "niaje" zake zikaisha. Mzee aliporudi alijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto, mwendo ukamkataa, cherehani ikafungwa mkono wa kuzungushia akawa anashona kwa mkono mmoja polepole, pindo tu na viraka. Alimwambia binti yake mbele yetu sote, zaidi ya mara moja, "Si wewe, ni sukari." Nafula aliitikia kwa kichwa akatoka. Mimi nilikuwa pale mezani. Mama Nafula alikuwa pale. Ugali ulikuwa katikati, na hakuna aliyesema neno. Desemba mkataba wangu ukaisha. Mzee aliniomba shikamoo ya mwisho, nikampa nikiwa naangalia chini, na nadhani alifikiri ni majonzi ya kuagana.

Basi, Ijumaa hii nimeingia tena katika nyumba ile. Mwili ulikuwa bado chumba cha maiti, usafirishwe kesho yake alfajiri kwenda Bungoma. Uani walikuwa wamesimamisha hema, wanakwaya wa kanisani wanaimba, wanawake wanamenya viazi, na Nafula anakwenda huku na huku na sahani, amekonda, ananikumbatia bila kuniachia. Mama Nafula alikuwa chumbani, kwenye kitanda kilekile, kanisogezea nafasi. Ameshazeeka sana. Tulilia kidogo. Nikaona nikiacha dakika moja ipite nitaondoka tena kama nilivyoondoka.

"Mama," nikasema, "ile dawa ya mwaka wa mgao. Niliigandisha. Sista alipouliza, mimi nilijua na nikanyamaza."

Alikuwa anakunja leso ya kichwani, akaendelea kuikunja. "Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Hiyo jioni uliileta. Si niliishika? Ilikuwa jiwe. Nikaiweka kwa kwapa, nikasonga ugali nayo ikiwa kwa kwapa mpaka ikayeyuka." Akavuta pumzi. "Nilifikiria ikiyeyuka imekuwa sawa. Maziwa ikiyeyuka si inakuwa maziwa? Alafu alipoanza kunywa maji hivyo, nikaogopa. Lakini ulikuwa mgeni wetu, uko mbali na mama yako, na umeibeba kwa miguu. Nikasema nikikuambia itakuvunja. Na siku ya sista, Mzee alikuwa hapo anasikia. Ningesema nini? Kwamba mimi niliona, na bado nikamdunga wiki nne?"

Nusu ya maisha yangu nimejihesabia dhambi ya kumfanya aseme uongo, na yeye alikuwa akinifichia aibu ambayo nilikuwa nayo tayari. Nilitaka kumshika mikono. Lakini nje nikamsikia Nafula anawaambia watu waongeze maji kwenye sufuria, na hasira ikanipanda, juu ya Mama na juu yangu, kwa pamoja.

"Na Nafula?" nikauliza.

Akaiweka leso mapajani. "Nafula nilimwachia hiyo pasi," akasema. "Nilikuwa namuona. Nasema, kesho nitamwambia. Ikakuwa kesho, ikakuwa kesho, akaolewa."

"Mimi nina namba yake ya simu miaka kumi, na sikumwambia," nikasema.

Alishika ukingo wa kitanda akasimama kwa shida, nikamtegemeza mpaka mlangoni. "Nafula! Wachana na hizo sahani, kuja." Akaja anajifuta mikono kwenye leso, akatuona tulivyosimama, akashtuka, "Nini tena?" Mama yake akamwambia afunge mlango na akae katikati yetu, kwamba ni maneno ya mguu wa baba yake. Nikaanza mimi. Nikamweleza karatasi niliyoisoma nusu, friza ya Kariobangi, mtandio, swali la sista. Mama akamalizia la kwapa na wiki nne za sindano. Nje kwaya iliingia wimbo mwingine. Nafula hakulia. Aliitazama mikono yake, kisha akamtazama mama yake, kisha mimi.

"Kwa hivyo mlikuwa mnajua," akasema. "Na mlikuwa mnaniona."

Mama yake akajibu ndiyo, na mimi nikajibu ndiyo.